Mashimo Kumi na Moja ya Namkonda

Newala,
10 Juni 1956

Kwa ndugu yangu Dastani,

Naandika nikiwa mzima, Agnes mzima, na paa la jikoni linavuja palepale uliposema umeziba. Habari nyingine si njema.

Juzi asubuhi tumekuta karatasi imepigiliwa msumari kwenye nguzo ya sokoni. Kampuni moja ya wenye maghala inaiomba Namkonda. Wanataka kukifyeka kichaka chote, kuanzia nyuma ya soko mpaka ukuta wa boma, wajenge maduka kumi na mawili na ghala la korosho lenye uwanja wa kugeuzia malori. Nimeisoma mwenyewe, kisha nikawasomea akina mama waliokuwa wamesimama na ndoo zao. Mmoja wao, Sikudhani muuza vitumbua, alicheka, akidhani namtania.

Wewe unajua, lakini nakukumbusha maana umekaa Masasi miaka sita, na Masasi inasahaulisha. Mji umekizunguka kile kichaka pande zote nne. Kivuli kingine hatuna. Kuni zinatoka humo, dawa za watoto humo, na chakula kikiadimika mji mzima unachimba ming'oko humo, Mwislamu na Mkristo, karani na mchuuzi. Mwaka ule mvua ilipokatika, mizizi hiyo ndiyo iliyotufikisha mavuno. Baba yake Agnes alikuwa hai bado.

Bwana Shauri, mkubwa wa boma, alikuja sokoni, akatuambia mbele ya watu wote kwamba hakuna atakayepima hata hatua moja mpaka wananchi wasikilizwe kwenye baraza, Jumamosi tarehe 13 Oktoba. Tukamshukuru. Siku hiyohiyo tukaunda kamati: mimi, Sikudhani, na Nurdini fundi cherehani, ambaye ana mwandiko mzuri kuliko sisi sote.

Sasa linalokuhusu. Wazee wanasema kichaka kiliwekwa mikononi mwa ukoo wa mama yetu, na kwetu anayesema juu ya ardhi ya upande wa mama ni mjomba. Mjomba ni wewe, hakuna mwingine aliyebaki. Mimi nitaandika, nitapiga kelele, nitazunguka nyumba kwa nyumba, lakini siku ya baraza mdomo ni wako. Uje.

Na kwa kuwa unafanya kazi kwa bwana mpima, niambie: umesikia lolote huko?

Dada yako,
Magdalena


Mkomaindo, Masasi,
24 Juni 1956

Dada yangu mpenzi, shikamoo.

Barua yako nimeipata mkononi mwa Safari, yule dereva, ikiwa na harufu ya samaki wakavu wa abiria wake. Paa nitaliziba tena, na mara hii nitakuja na lami.

Habari ya Namkonda imenikata maini. Hapana, dada, sijasikia lolote. Bwana mpima wangu si mtu wa serikali, anapima kwa yeyote anayemwita, na wanaomwita ni wenye mashamba wanaogombania mipaka ya mikorosho. Mimi navuta mnyororo tu. Lakini usiudharau mnyororo! Ukinyooshwa wote ni hatua zangu ishirini na nne. Zako, kwa miguu hiyo uliyorithi kwa bibi, zitakuwa thelathini kamili. Kama huamini nitakuja nao tupimane uani, Agnes awe shahidi.

Oktoba nitakuja na nitasema. Kile kichaka mama alitufundisha sisi wawili tu, nani mwingine akisemee? Nimekwisha kumwambia bwana mpima, tena kwa kujisifu, kwamba yeye ana mnyororo lakini mimi ni mjomba wa msitu mzima ulio katikati ya mji. Alicheka sana.

Ila uwaangalie watu wanaoingia kwenye kamati. Siku hizi kila penye kelele hapakosi mtu anayetafuta lake.

Mdogo wako mtiifu,
Dastani


Newala,
15 Julai 1956

Ndugu yangu Dastani,

Marahaba. Miguu yangu iache kama ilivyo, imezunguka nyumba mia moja na zaidi.

Tuna daftari la majina. Asiyejua kuandika anaweka dole gumba, na Nurdini anaandika jina pembeni. Amelishonea daftari jalada la kaniki lisichakae. Hata wake wa makarani wa boma wametia dole, wakitazama nyuma kwanza kama waume zao wanawaona. Hofu ipo. Mtu mmoja ananiambia tuko pamoja, akifika kwenye kona anauliza wengine nani ametutuma. Mwingine anasema kampuni imekwisha kugawa viwanja kwa siri na baadhi ya wenye viwanja wanakula vitumbua vya Sikudhani kila asubuhi. Nimeanza kuwaangalia watu midomo wakitafuna.

Mzee Abdulkadiri, mkubwa wa wazee wa baraza, ameniuliza mara mbili: "Mama Agnes, mjomba atakuja?" Nimemwambia atakuja. Nitumie neno la uhakika nimwonyeshe.

Wiki iliyopita nimempeleka Agnes kuchimba ming'oko kwa mara ya kwanza. Nimemfundisha kama tulivyofundishwa: ukitoa mzizi, kata ubakize kichwa, kirudishe shimoni kikitazama juu, fukia, kanyaga kwa kisigino. Halafu kile kijiti cha mama, cha kuchomeka upande wa mawio na kukivunja shingo bila kukikata, ili mtu ajue hapa pasichimbwe mpaka mvua ipite. Wanawake wote wa hapa wanafukia vichwa, lakini kijiti kilikuwa cha mama peke yake, na wakati ule walimcheka. Agnes naye aliniuliza kwa nini. Nikamwambia ndivyo tunavyofanya.

Nimekutumia kikapu kimoja kwa Safari. Chemsha na chumvi, usiharibu kwa mafuta.

Dada yako,
Magdalena


Mkomaindo, Masasi,
12 Agosti 1956

Dada yangu, shikamoo tena shikamoo.

Habari za siku nyingi? Agnes hajambo? Majirani hawajambo? Na kuku je, wanaendeleaje? Yule jike mweusi bado anataga nyuma ya kinu? Vifaranga wangapi msimu huu? Jogoo umemchinja au unamwogopa kama zamani? Kuku wanataka kuangaliwa sana wakati huu wa upepo. Ming'oko imefika, tumeila na chumvi kama ulivyoamuru, asante.

Sasa nikueleze jambo, na naomba lisitoke mdomoni mwako kwamba limetoka kwangu. Bwana mpima aliniagiza karatasi mezani kwake, na katika kuzipekua nikaona orodha ya watu walioahidiwa viwanja vya maduka hapo Namkonda. Sikuimaliza, nilisikia viatu vyake. Lakini kiwanja namba saba nimekiona kwa macho yangu, na jina lililoandikwa hapo ni la Nurdini, fundi cherehani.

Naumia kukuambia. Ndiye mwenye daftari lako. Dada, huyo anawajua wote walioweka dole, nyumba kwa nyumba. Mtoe mapema kabla hajawauza.

Kuhusu baraza, nitajitahidi. Kwa majuma mawili au matatu sitakuwapo hapa, tunakwenda kupima mashamba upande wa Lukuledi. Ukiandika, barua itanisubiri.

Mdogo wako,
Dastani


Newala,
26 Agosti 1956

Kwa Dastani,

Nimefanya ulivyosema.

Nilimwita Nurdini mbele ya kamati, nikamwambia arudishe daftari. Sikumtaja mtu. Nilisema tu kwamba tunazo habari za kiwanja namba saba. Sindano ilikuwa bado mdomoni. Kisha akaitoa, akaichomeka kwenye ukosi wa kanzu yake, akaniambia: "Mama Agnes, mimi duka la kufanyia nini? Mimi na kibaraza changu tumezoeana." Akaenda ndani, akaleta daftari limefungwa kwa uzi. Hakudai kitu, hakutukana. Afadhali angetukana.

Sasa nusu ya mtaa wake hawanisalimu. Watu arobaini na watatu wamekuja kutaka majina yao yafutwe, wanasema kama fundi ni msaliti basi na sisi wengine ni wale wale. Sikudhani anakaanga vitumbua akinipa kisogo.

Umesema utajitahidi. Mwezi wa sita ulisema utakuja. Mimi kusoma nilifundishwa, Dastani, na maneno hayo mawili hayafanani.

Na kuku wangu walikufa wote kwa kideri mwezi wa tatu. Ulinitumia pole. Tangu utotoni ukiwa na jambo moyoni unauliza habari za wanyama. Siku ulipovunja chungu cha mama ulimuuliza habari za mbuzi, na hatukuwa na mbuzi. Sijui una jambo gani. Nakwambia tu kwamba nimeona.

Magdalena


Mkomaindo, Masasi,
9 Septemba 1956

Dada, shikamoo.

Ulivyofanya ni sawasawa kabisa. Usijute. Mtu mwenye hatia ndiye anayenyamaza hivyo.

Kazi ya Lukuledi imekwisha salama, ila nimerudi na upupu mwili mzima, najikuna mpaka kazini wananicheka. Ya kuku nisamehe, kichwa kimechoka. Baraza bado mbali, tutazungumza.

Dastani


Newala,
23 Septemba 1956

Kwa mjomba wa Agnes,

Jumanne nilikwenda Namkonda na Agnes, ule upande wa ukuta wa boma ambao watu hawaendi kwa sababu ya upupu. Tulijifunga kanga mpaka masikioni. Ming'oko ya karibu na njia imechimbwa sana mwaka huu, nikaona tujaribu huko.

Agnes ndiye aliyeona kwanza. Udongo ulikuwa mwekundu mahali pa duara, mpya, umekanyagwa kwa kisigino. Nikafikiri kuna mama ametutangulia. Nikaona duara la pili mbele, halafu la tatu, yote katika mstari mmoja ulionyooka kana kwamba mtu amevuta kamba. Mng'oko hauoti kwa mstari. Nikatembea nikihesabu. Kutoka shimo hadi shimo ni hatua zangu thelathini. Nikarudia, nikidhani nimekosea. Thelathini. Mashimo yako kumi na moja.

Kwa hiyo Namkonda imepimwa, baada ya Bwana Shauri kutuambia haitapimwa. Nilikasirika, lakini bado nilikuwa namkasirikia mtu nisiyemjua.

Kisha Agnes akasema, "Mama, huyu anafanya kama sisi."

Kila penye shimo, upande wa mawio, palikuwa na kijiti. Kimevunjwa shingo, hakijakatwa.

Nilipiga magoti nikafukua shimo moja kwa vidole. Kilikuwapo kichwa cha mng'oko, kimekatwa na sururu katikati, kikageuzwa kikitazama juu, kikafunikwa kwa udongo laini kwanza na mgumu baadaye. Nikakirudisha. Nilikaa pale chini, mwanangu akinitazama, nikalia. Watu wa kampuni wangeacha mashimo wazi. Mwanamke yeyote wa Newala angefukia bila kijiti. Waliofundishwa kijiti tuko wawili, na wa tatu ni Agnes, aliyekuwa amenishika kanga.

Ulikuwa hapa. Upupu haukukupata Lukuledi. Ulikuwa mita mia nne kutoka jikoni kwangu na hukuja hata kunywa maji.

Sikuulizi kama ni kweli. Nakuuliza moja tu: kiwanja namba saba ni cha nani?

Magdalena


Mkomaindo, Masasi,
1 Oktoba 1956

Dada yangu,

Shikamoo yangu sijui kama utaipokea.

Kiwanja namba saba ni changu.

Nikueleze bila kuzunguka, maana nimezunguka vya kutosha. Bwana mpima aliajiriwa na ile kampuni tangu Julai. Waliposikia kwake kwamba mvuta mnyororo wake ndiye mjomba wa kichaka, waliniita ofisini. Hawakunipiga wala kunitisha. Walinipa kiti. Wakasema hawanitaki niseme lolote, wanataka tu tarehe 13 niwe mbali. Mjomba asipotokea, baraza litaona ukoo hauna neno. Wakaniandikia karatasi ya kiwanja. Nilifikiri: kichaka kitakwenda tu, nani ameshindana na kampuni akashinda? Bora mmoja wetu apate kitu. Nimechoka kupanga chumba, dada. Niliona duka dogo, wewe na Agnes mbele mkiuza, mimi nyuma. Nilikuwa nimekwisha kulipaka rangi kichwani.

Nurdini sikuona jina lake popote. Nilisikia kwamba habari za viwanja zinavuja, nikaogopa utasikia namba saba kwa mtu mwingine, basi nikaweka mtu pale kabla yako. Nilimchagua yeye kwa sababu ulimsifu mwandiko. Hiyo ndiyo sababu, na naiona ilivyo ndogo.

Tulipima siku tatu, tukilala Chilangala ili tusionekane mjini. Siku ya pili nilikuona sokoni, umebeba daftari la kaniki kifuani. Nilijificha nyuma ya lori. Tulichimba mashimo ya kuwekea mawe ya mpaka, na kila moja lilikata ming'oko, maana huko imejaa haijaguswa, kisha bwana mpima akasema mawe yasiwekwe kabla ya baraza, tufukie. Wenzangu walitaka kusukumia udongo tu. Mimi nikasema niachieni. Vijiti sikumbuki kuvichomeka. Naapa sikumbuki. Mkono ulifanya wenyewe.

Sitaweza kuja. Nikisema, kazi imekwisha, chumba kimekwisha, na pengine nitashtakiwa. Nisamehe kama unaweza. Kama huwezi, basi angalau umejua.

Dastani


Newala,
6 Oktoba 1956

Kwa mjomba wa Agnes,

Barua yako ninayo. Ina jina lako, tarehe, na mashimo yote. Ndiyo ushahidi pekee kwamba Namkonda ilipimwa kabla ya watu kusikilizwa.

Nimekwenda kwa Nurdini nimempigia magoti kibarazani, watu wakiona. Daftari liko kwake tena.

Baraza ni Jumamosi, saa tatu. Ukifika kabla watu hawajakaa, nitaichoma barua yako hiyo mbele yako na utasema kwa mdomo wako mwenyewe. Usipofika, itasomwa mbele ya Bwana Shauri na Mzee Abdulkadiri, tangu shikamoo mpaka sahihi.

Kuku hawajambo.

Magdalena


Chiungutwa,
28 Oktoba 1956

Dada yangu, shikamoo.

Naandika nikiwa kwa Stefano, binamu yetu, ambaye amenipa kitanda na shamba la kupalilia. Siku ile ya baraza uliondoka uwanjani bila kunitazama, nami sikuthubutu kukufuata, basi nakueleza yaliyokuwa upande wangu.

Nilifika Newala saa mbili. Ndiyo, mapema. Nilisimama nyuma ya tanuri la mikate nikiwaona watu wanaingia, wala sikutoka. Nilikuona wewe na Sikudhani, na Nurdini katikati yenu. Niliona bahasha yangu mkononi mwake. Watu wakakaa. Yule mwakilishi wa kampuni akasimama kwa sauti yake nzuri, akasema kampuni inawaheshimu wananchi na ndiyo maana haijagusa hata jani. Mzee Abdulkadiri akauliza: "Mjomba wa kichaka yuko?" Akauliza tena. Nikaona Nurdini anaifungua bahasha.

Sijui nilivyofika mbele. Nilijisikia tu nikisema, "Nipo. Na nimekipima mimi."

Bwana Shauri akaniuliza kwa amri ya nani. Nikamwonyesha bwana mpima, alikuwa amekaa benchi la pili. Akamuuliza yule wa kampuni: "Mwezi wa sita niliwaambia nini watu hawa?" Ulikuwepo, ulimwona Bwana Shauri alivyopandwa na damu usoni. Nafikiri hakukasirika kwa ajili yetu. Alikasirika kwa kufanywa mwongo mbele ya soko zima. Lakini hasira ni hasira, tuliichukua hivyohivyo. Tulipokwenda wote kichakani nikafukua lile shimo la kwanza kwa mikono, akina mama waliinama kutazama mpaka kile kichwa kilipotokea. Hapo nilisikia mtu mmoja anasema, "Mwana wa mama yake." Sijui kama alinisifu au alinitukana.

Jumatatu nilirudisha mnyororo. Bwana mpima hakunipa mkono. Karatasi ya kiwanja niliichana, ingawa haikuwa na maana tena.

Nina swali, naomba ulijibu kweli, hata kama ndiyo barua ya mwisho utakayoniandikia. Nisingekuja mbele, mngeisoma ile barua yangu?

Mdogo wako,
Dastani


Newala,
16 Desemba 1956

Kwa Dastani,

Nimekawia makusudi. Nilitaka kwanza nione karatasi ya boma.

Imekuja. Ombi la kampuni limekataliwa, na Namkonda haitafyekwa pasipo baraza jingine la watu wote. Imesomwa sokoni, watu wakapiga vigelegele, Sikudhani akagawa vitumbua bure mpaka akaishiwa. Mimi niliichukua karatasi nikaisoma mara tatu nikitafuta tundu. Hilo neno "jingine" silipendi. Kampuni imetafutiwa mahali kule kwenye njia ya Masasi, na yule mwakilishi bado analala nyumba ya wageni ya hapa. Kila asubuhi Sikudhani anamuuzia vitumbua na kumtazama anavyotafuna.

Swali lako. Ndiyo, ingesomwa. Nurdini alikuwa amekwisha kufungua ukurasa, na niliyemwambia afungue ni mimi. Nilikuwa nimekaa nikikuaga moyoni. Umenisikia vizuri. Ndugu yangu wa tumbo moja, ningekutoa mbele za watu kwa ajili ya mizizi na kuni, na jioni ningeingia ndani nikakulilia kama maiti. Nilikasirika mno kwamba ulinifikisha hapo. Ndiyo maana sikukutazama.

Na wewe umekuja, lakini umekuja baada ya watu kukaa, tena baada ya kuona bahasha. Sitajua kamwe kama ulikuja kwa ajili ya kichaka, kwa ajili yangu, au kwa ajili ya barua. Nimejaribu kuamua, nimeshindwa, na nimekubali kukaa bila kujua. Siku hizi barua zako nazisoma mara mbili, mara ya kwanza kama dada, mara ya pili kama mtu wa Newala. Labda zitarudi kusomwa mara moja. Labda.

Barua ile sikuichoma. Sharti lilikuwa kabla watu hawajakaa. Iko sandukuni chini ya nguo za mama.

Nurdini anasema ukija ufikie kwake kwanza, kibarazani, mchana, watu wakipita. Umwombe radhi umesimama. Baada ya hapo, anasema, atakupima shati, maana siku ya baraza aliliona lako limetatuka bega na limemsumbua tangu siku hiyo.

Mvua imeanza wiki iliyopita. Jana mimi na Agnes tulikwenda upande wa upupu. Vile vichwa ulivyofukia vimechipua, vijiti vyake vikiwa vimesimama bado. Tisa. Agnes amehesabu, nami nikahesabu baada yake. Cha kumi ni kile ulichokifukua mbele ya baraza, hakikurudi vizuri. Cha kumi na moja sijui kimekuwaje. Hakuna hata ncha ya jani.

Njoo ukichimbue wewe mwenyewe, tuone ulikosea wapi. Jembe dogo la mama liko nyuma ya mlango. Njoo na lami pia, jikoni kunavuja.

Marahaba.

Dada yako,
Magdalena